Pwani Ni Pale Maji Yanapokupwa

Sisi wa Sakina, tukaao chini ya Mlima Meru, hulitamka neno "pwani" kama jina la mahali tu. Hata hivyo, ndani yake mna tendo: kupwa, yaani maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha mchanga wazi. Nilipostaafu ualimu nilikwenda Mafia kulitazama tendo hilo.

Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na upevukapo, maji hupwa mbali. Wanawake hushuka na vijiti kutafuta pweza miambani. Humo hupatikana kitoweo na fedha ya madaftari. Katika kisiwa cha Alphonse, Shelisheli, watalii huingia maji kama hayo kwa starehe: huvua kolekole kwa chambo cha manyoya, kisha humwachia aende zake. Wao wana kiongozi wa kuwaambia saa ya kurudi.

Mama wa Mafia huongozwa na maneno aliyorithi: bamvua, maji mafu, kupwa, kujaa. Asiyeyaelewa hukutwa na maji angali mbali na nchi kavu. Wasomaji wangu, tuwafundishe maneno haya na watoto wa mlimani pia, kwa kuwa lugha wanayotahiniwa ilikulia hapo maji yanapokupwa.