Mlango unafungukia wapi?

Mwaka jana kikundi chetu cha likirimba kilinunua Hiace iliyotumiwa, ya kupeleka jamaa zetu kwenye arusi na matembezi ya watoto. Tulitazama rangi, viti na bei. Mlango hatukuutazama.

Gari hiyo ilitoka Japani. Kule wanapita kushoto, kwa hiyo volani iko kuume na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi Kongo tunapita kuume. Basi, mlango wetu unafungukia katikati ya njia! Siku ya kwanza, mtoto mmoja aliruka chini na pikipiki ikakwaruza mfuko wake wa masomo. Kidogo tu tungelia.

Mukitaka kununua, muende na fundi wenu, si wa muuzaji. Injini iwashwe asubuhi ingali baridi. Namba ya shasi ilingane na ile ya karte roze. Na mlango, muutazame mbele ya kuhesabu feza.

Sisi gari tunayo tayari. Sasa mama mmoja anatangulia kushuka, anatazama njia, ndipo watoto wanamfuata wakishikana mikono.