Tumbawe Limekufa, au Amekufa?

Sisi tufundishao Kiswahili nchini Uganda hufunza maneno ya bahari tukiwa mbali nayo. Twataja kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na wanafunzi huyakariri kama habari za ugenini. Lakini neno matumbawe lilituletea swali. Mwanafunzi mmoja aliyesoma kwamba matumbawe ni wanyama aliuliza: "Mwalimu, ikiwa ni mnyama, mbona twasema tumbawe limekufa, wala hatusemi amekufa?"

Ilitubidi kusoma maandishi ya wataalamu wa bahari. Wao hueleza kwamba tumbawe hujengwa na wanyama wadogo mno, wenye miili laini, waishio pamoja kwa maelfu na kujitengenezea mifupa ya chokaa. Ndani yao hukaa vimwani visivyoonekana kwa macho. Hivi hupewa maskani, navyo hulipa kodi ya chakula na rangi. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa digrii 1 tu, kwa majuma kadhaa, mapatano hayo huvunjika. Vimwani hutoka, tumbawe likapauka. Kupauka si kufa: joto likipungua mapema, wapangaji hurudi. Likiendelea, tumbawe hufa kwa njaa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika pwani za Kenya, Tanzania na Shelisheli, na joto hilo likarudi mwaka 2016 na 2024. Wataalamu huzamia, wakatandaza utepe juu ya mwamba na kuandika lililo hai na lililokufa, mwaka baada ya mwaka. Miamba hiyo hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini yapata robo ya aina za viumbe wa baharini huitegemea. Na mvuvi huwategemea hao.

Basi jawabu letu ni hili. Ngeli hufuata mazoea, na watu wa pwani walilijua tumbawe kama jiwe la kujengea na la kuchomea chokaa. Limekufa ni sahihi. Lakini tukitazame kitenzi: jiwe huvunjika, humomonyoka, halifi. Asemaye limekufa amekwisha kiri kwamba lilikuwa na uhai.

Ndugu walimu, joto hilo hutokana na moshi wa viwanda na magari ya nchi zote, za pwani na za bara. Tulifundishapo neno hili, tusiliache katika orodha ya mawe.