Nani Yuko Nyuma Yako?

Usiku ule kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa katika hospitali ya wilaya kusini mwa Tanzania, miezi michache tu baada ya kumaliza utarajali, na daktari wa zamu nilikuwa mimi peke yangu. Aliletwa mama mjamzito, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, tukaamua kupasua. Muuguzi wa usingizi, ambaye wote tulimwita Sista, alimchoma sindano ya ganzi mgongoni. Kabla sijagusa ngozi, mama akasema vidole vya mikono vinakufa ganzi. Kisha akasema hewa haimtoshi. Kisha akanyamaza.

Ganzi ilikuwa imepanda juu kuliko inavyotakiwa, na presha ilikuwa inaporomoka. Sista alimlaza mama kiubavu kushoto, akafungulia dripu yote, akampa adrenalini kidogo kidogo, akambana maski usoni na kuanza kumpumulisha kwa ambu. Umeme ukakatika. Mtambo wa oksijeni ukanyamaza, tukabaki na tochi ya simu. Sista hakugeuka kunitazama. Alisema tu, "Dokta, toa mtoto." Nikatoa. Siku ya tano mama alirudi nyumbani na mwanawe mgongoni.

Sista alikuwa amesomea usingizi kwa kozi ya mwaka mmoja, baada ya miaka mingi ya uuguzi. Nilipomuuliza baadaye angempigia nani kama mambo yangeharibika zaidi, alifikiri kidogo, akasema, "Ningempigia nani, Dokta?"

Ni swali lake hilo lililonifanya nisomee usingizi. Mwenzangu mmoja, niliyesoma naye shahada ya kwanza ya udaktari Muhimbili, alichagua fani hiyo hiyo mwaka ule ule. Yeye alibaki nyumbani, mimi nilikuja Marekani. Leo sote wawili ni madaktari bingwa wa usingizi.

Nianze na upande wangu. Kufika huku kulinigharimu mitihani ya leseni, takribani dola 1,000 kwa kila mmoja, na mahojiano mengi. Halafu ikaja ile wiki ya Machi ambayo kila mwombaji nchini Marekani huisubiri: Jumatatu unaambiwa kama umepata nafasi, Ijumaa unaambiwa ni wapi. Mimi nilipata Ohio. Mafunzo ni ya miaka minne. Mwaka wa kwanza unazunguka wodi za kawaida, na miaka mitatu inayofuata unakuwa kwenye chumba cha upasuaji. Katika miaka hiyo yote wewe ni mwajiriwa wa hospitali, unalipwa mshahara, kwa sasa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Si utajiri, hasa kwa wenzangu Wamarekani waliotoka chuoni na madeni yanayoweza kuvuka dola 200,000, lakini hakuna anayelala akiwaza ada. Tangu 2003 kuna kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Ukimaliza mwaka wa kwanza wa usingizi una mtihani, ukimaliza mafunzo una mwingine, kisha kuna wa kuhojiwa ana kwa ana na wa kuonyesha kazi kwa vitendo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ya hayo yote ni kutowahi kuachwa peke yangu. Bingwa anayefundisha, ili alipwe kikamilifu na Medicare, ambayo ni bima ya serikali kwa wazee, hasimamii residenti, yaani madaktari walio mafunzoni, zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Mgonjwa anapolazwa usingizi yupo, mgonjwa anapoamka yupo.

Katika mwaka wangu wa pili, usiku, kwenye wodi ya wazazi, ganzi ilipanda tena. Mama mwingine, mgongo mwingine, maneno yale yale: vidole, kisha hewa. Nilibonyeza kitufe ukutani. Dakika haikuisha chumba kikajaa. Bingwa wangu aliingia, wakaingia residenti mwenzangu, wauguzi wawili na mtaalamu wa mashine za kupumulia. Mmoja alishika dawa, mwingine akaandika saa. Kazi yangu ikabaki kuinua taya ya mgonjwa na kushikilia maski. Yule mama alikuwa salama kabisa. Asubuhi nilikaa ndani ya gari langu nikalia, na niliyekuwa nikimlilia ni Sista, na ile tochi ya simu.

Mwenzangu alisomea Muhimbili, shahada ya uzamili ya miaka mitatu. Wapo wanaofadhiliwa na Wizara ya Afya au na waajiri wao, lakini yeye alijilipia. Aliuza kiwanja ili amalize mwaka wa pili. Jambo hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona linatuumiza wenyewe: mtu anayelaza wagonjwa usingizi usiku kucha katika hospitali kubwa kuliko zote nchini, ambaye zamu zingeyumba asipokuwepo, analipa ada ili aruhusiwe kuifanya kazi hiyo. Kisha tunauliza kwa nini vijana wanakimbilia fani nyingine.

Hata hivyo, kuna alichokipata nisichokipata mimi. Alilazimika kuandika tasnifu, utafiti wake mwenyewe wenye takwimu zake mwenyewe, kwa sababu bila hiyo mtu hahitimu. Mimi sikudaiwa kitu kama hicho. Tena anajua kutoa usingizi kwa ketamini na kidole kikiwa juu ya mshipa wa mgonjwa. Anajua kutumia halotheni, gesi ambayo huku nimeisoma vitabuni tu. Anajua kubuni pale kifaa kinapokosekana. Mimi skrini ikizimika, nabaki nimeduwaa kwa sekunde kadhaa kabla mikono haijakumbuka kule ilikotoka.

Anajua pia kuzungumza na mgonjwa. Wagonjwa wetu wengi bado wanaiita kazi yetu nusukaputi, neno lililobaki tangu enzi za Wajerumani, likiwa na kaputt yao ndani yake. Bibi anayesikia anakwenda kufanywa nusukaputi anaaga watoto. Mwenzangu halitumii neno hilo kabisa. Anakaa kitandani, anamshika bibi mkono, anasema, "Nitakulaza, na nitakaa hapo hapo kichwani kwako mpaka uamke."

Baada ya kuhitimu, njia ziliachana kabisa. Katika kundi langu, wengine waliongeza mwaka mmoja wa ubobezi: moyo, watoto, wajawazito, maumivu sugu, wagonjwa mahututi. Mmoja alijiunga na kampuni ya madaktari binafsi na anangojea kufanywa mbia. Mwingine hufanya kazi kwenye vituo vya upasuaji mdogo ambako mgonjwa huingia asubuhi na kurudi kwake jioni, usiku hauguswi. Mwingine hana hospitali maalumu, huzunguka majimbo akijaza mapengo kwa mkataba. Kila mmoja alijiuliza anataka maisha ya namna gani, akachagua.

Mwenzangu alipangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko bingwa wa usingizi aliyekuwepo ni yeye tu. Alikuta chumba cha wagonjwa mahututi chenye vitanda na mashine, hakina utaratibu, akautengeneza. Yeye ndiye anayeagiza dawa, anayebishana kuhusu mitungi ya oksijeni, anayeingia na upasuaji mgumu, na kila mwezi anakusanya wauguzi wa usingizi kutoka wilayani kuwafundisha. Shirikisho la dunia la vyama vya fani yetu linapendekeza angalau mabingwa 5 kwa kila watu 100,000. Kwa watu milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, Tanzania ingehitaji zaidi ya 3,000. Hatujakaribia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya bingwa wa nyumbani ni kuwa mtu wa kupigiwa simu na wale ambao, kwa kweli, ndio wanaolaza wagonjwa wa nchi nzima.

Kuna karatasi moja ninayoihifadhi. Daktari wa kigeni anayekuja kusoma huku kwa viza ya mafunzo, J-1, huleta barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake inayosema kwamba nchi ina uhitaji wa fani anayoisomea, naye huahidi kurudi. Mafunzo yakiisha unatakiwa ukae nyumbani miaka miwili, au uombe msamaha na ufanye kazi miaka mitatu katika eneo la Marekani lenye upungufu wa madaktari. Kila jimbo lina nafasi 30 za msamaha huo kwa mwaka. Niliomba, nikapata. Nilikuwa na mke huku, mtoto mchanga, na wazazi nyumbani wanaotegemea ninachotuma. Sababu zangu zilikuwa za kweli. Na barua ile nayo, yenye mhuri, inayosema nchi yangu inanihitaji, ilikuwa ya kweli.

Nilijaribu kulipa deni hilo kwa simu. Nilimpa Sista namba yangu, nikamwambia apige saa yoyote. Saa tisa usiku kwake ni jioni kwangu, kwa hiyo haikuwa taabu. Alipiga mara nyingi katika miaka miwili: mtoto aliyemeza sarafu, mama mwenye kifafa cha mimba, kijana wa bodaboda aliyepasuka wengu. Tulihesabu dozi pamoja. Mara mbili nilimsikia akilia.

Mwaka jana simu zikapungua, kisha zikakoma. Nikapata hofu, nikampigia mimi. Alikuwa mzima, sauti yake imechangamka. Alinieleza kuwa bingwa wa mkoa alifika wilayani, akakaa naye siku tatu thieta, akambandikia namba yake ukutani juu ya mashine, na usiku anapompigia hupokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Usijisikie vibaya, Dokta," akasema. "Yeye yuko karibu."