Usiifute Alama ya Kutoa

Ikiwa una mtoto wa sekondari hapo nyumbani, huenda umewahi kumwona akitokwa na machozi kwa sababu ya fizikia. Binti yangu majuzi alilizwa na ubao. Ubao wenyewe ulikuwa wa kwenye karatasi tu: urefu mita 4, uzito nyutoni 100, umelazwa juu ya nguzo mbili. Nguzo moja iko kwenye ncha ya kushoto, ya pili mita 3 kutoka hapo. Kwenye ncha ya kulia, inayoning'inia, pana mzigo wa nyutoni 400. Je, kila nguzo inausukuma ubao kwa nguvu ngapi?

Alichora mishale ya nguzo zote mbili ikielekea juu, kama ambavyo wewe nami tungechora. Akapiga hesabu kutoka nguzo ya kulia, nguvu mara umbali. Jibu la nguzo ya kushoto likatoka hasi 100.

"Nimekosea, baba," akasema, kifutio tayari mkononi.

Nilimshika mkono, maana mimi nilishafuta yangu zamani. Nikiwa kidato cha tatu niliifuta alama kama hiyo katika mtihani, nikaandika 100, na nguzo ya kulia nikaipa 400. Jumla 500, sawa kabisa na uzito wote! Mwalimu aliandika pembeni: "Panda wewe, mimi nitasimama mbali."

Basi tukaweka rula juu ya viberiti viwili, kitunguu kwenye ncha ya kulia. Kushoto kukainuka. Nikamwambia akuzuie kwa kidole.

"Kidole kinasukuma wapi?"

"Chini."

"Na mshale wako?"

Akanyamaza, kisha akacheka. Hesabu ilikuwa imemwambia kwamba mshale unaelekea upande wa pili, basi. Nguzo ya kulia inabeba 600.

Mishale mingine, kweli, haikisiwi: uzito huelekea chini daima, na kamba huvuta tu, haisukumi. Msuguano wa kitu kinachoteleza nao ni mkorofi; ukiukosea upande, jibu lote huharibika, si alama peke yake. Lakini mshale wa nguzo chagua upande wowote, mradi usiugeuze katikati ya hesabu.

Binti akauliza kwa nini kitabu hakikuchora msumari kule kushoto. Sikuwa na jibu. Mama yake naye alikuwa anakidai kitunguu chake.