Kutoka Katuba hadi Mjini, Kutafuta Ekuteri za Mwenzetu



Siku ya posho iliyopita, sisi wanne wa shirika tulitoka Katuba asubuhi na mapema, kwa miguu, tukaenda mjini kununua kitu kidogo kisichojaza hata kiganja: ekuteri zisizo na kamba. Wengine mtacheka. Sisi wenyewe tulicheka siku mwenzetu alipoleta ombi hilo kwenye likelemba. Mama mmoja aliuliza kama sasa tutaanza kununuliana na miwani ya jua. Lakini aliposimulia habari yake, kicheko kiliisha.

Mwenzetu ni mshonaji. Bwana yake anafanya kazi Kolwezi, kilometa karibu 300 kutoka hapa Lubumbashi, na anarudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Kila magaribi anamtumia vokali. Mikono ya mshonaji iko kwenye kitambaa, basi telefone inawekwa mezani, na sauti inatoka kwa nguvu mbele ya watoto watano na mama mkwe. Mwezi wa tano, bwana alisema katika vokali moja kwamba feza ya kumtibu mdogo wake itachelewa, kwa sababu ametanguliza kulipa masomo ya watoto. Akaongeza: "Mama usimwambie kwanza." Mama alikuwa ameketi palepale, anachambua sombe. Majuma matatu hakumwambia mkwe wake neno. Wazee walisema sikio halilali njaa, na sikio la mama yule lilishiba siku ile.

Mama mmoja aliuliza: kwa nini si ekuteri za kamba, ambazo ni za bei ndogo na hazihitaji shariji? Ni ulizo zuri, na kila mama ajiulize hivyo kabla ya kutoa feza. Mwenzetu alikuwa nazo. Kamba iliingia kwenye gurudumu la mashine ya kushona, ikakatika. Basi likelemba ilimkopesha dola 25, arudishe kwa miezi miwili, na tukakubali kumsindikiza.

Njia yetu mnaijua. Katika mwezi wa sita baridi ya asubuhi inauma, na vumbi jekundu linafunika viatu kabla hujafika barabara kubwa. Ukiinua macho unaona bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na pembeni yake ule mlima mweusi wa takataka za shaba iliyoyeyushwa hapo tangu 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wetu kuanzishwa. Watoto wetu wanauchora shuleni kama wengine wanavyochora volkano. Ndani ya mlima ule kuna kobalti, na kule Kolwezi anakofanya kazi bwana ya mwenzetu iko nyingi zaidi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Inakwenda mbali, na mara nyingi inaingia katika batiri ndogo za telefone na za ekuteri, kisha inarudi kwetu katika kikaratasi cha rangi, na sisi tunainunua kwa dola. Mwenzetu alitazama mlima, akasema: "Kumbe ninakwenda kununua jasho la bwana yangu." Hatukupata la kumjibu.

Tulianza na soko la Kenya. Kijana mmoja alikuwa na ekuteri nyingi juu ya kibao, zote zimeandikwa jina kubwa la ng'ambo, dola 7 tu, na kwenye kikaratasi imeandikwa masaa 100. Tulimwomba tuzijaribu. Akasema: "Mama, ukifungua umenunua." Tulimshukuru, tukaendelea. Mmoja wetu alinunua za namna hiyo mwaka jana mahali pengine. Ile ya kushoto ilinyamaza kabla mwezi haujaisha, na muuzaji hakuonekana tena. Bei rahisi ni ghali, hasa kwa kitu usichoruhusiwa kukijaribu.

Tukapita Kamalondo, karibu na uwanja wa TP Mazembe, tukanywa munkoyo kidogo, tukaingia mjini. Katika magazini moja tulimkuta kijana mwenye subira. Mwenzetu aliweka telefone yake juu ya meza: Samsung ya familia ya Galaxy A, si ya bei kubwa wala ya bei ndogo. Kijana akaleta ekuteri za namna tatu: za dola 12, za dola 18 na za dola 35.

Kwanza alisifu zile za 35. Alisema zinasema lugha inayoitwa LDAC, ambayo inapitisha muziki safi zaidi, na tena zinafunga kelele za nje. Tukamwomba atueleze vizuri, na hakukasirika. Alisema telefone na ekuteri zinaongea kwa Bluetooth, na kila moja ina lugha zake. Iko moja inayoitwa SBC, ambayo karibu zote zinaijua. Ni kama Kiswahili hapa kwetu: Mluba, Mbemba na Mlunda wanakutana sokoni na wanapatana bei. Telefone ya mwenzetu inaijua hata LDAC. Lakini vokali iliyosemwa katika upepo wa Kolwezi haitakuwa safi zaidi kwa sababu ya LDAC. Hiyo ni faida ya mwenye kusikiliza muziki kwa makini. Na kufunga kelele za nje? Mwenzetu akacheka: "Mteja akigonga mlango nisisikie? Mtoto akigusa jiko?" Za dola 35 zikarudi kwenye kabati.

Zikabaki mbili. Tulizijaribu hivi, na wewe ukienda fanya hivyo.

Tulivaa moja tu sikioni, na ya pili tukaiacha katika kisanduku chake. Zote mbili zilikubali, ya kuume peke yake na ya kushoto peke yake. Kwa mama hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa sikio la pili linabaki na watoto.

Mmoja wetu alitoka barabarani, penye makelele ya mabasi, akavaa zile za dola 12 na kutupigia. Sauti yake ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Akavaa za dola 18: tulimsikia, na tulimsikia hata akijadili bei ya ndizi.

Tuliacha telefone mezani, mwenzetu akatembea hadi mlangoni, hatua kama kumi. Sauti haikukatika. Tukatazama video fupi, tukaona midomo na sauti vinakwenda pamoja. Akabadilisha mipira ya masikio, maana zilikuja za vipimo vitatu, akatikisa kichwa, akainama kama aliye kwenye mashine. Hazikuanguka. Kamba ya shariji ya kisanduku ilikuwa sawa na ya telefone yake, na hiyo inasaidia sana siku umeme unaporudi kwa saa mbili tu.

Mwisho tulimwomba kijana afute kila kitu, na mwenzetu aziunganishe mwenyewe, kwa vidole vyake: kufungua kisanduku, kuingia katika mipangilio ya telefone, kuwasha Bluetooth, kungoja jina, kugusa. Alifanya mara mbili. Kitu usichoweza kukiwasha mwenyewe, utakuwa unamwomba mtoto wa jirani kila siku, na siri yako itakuwa mkononi mwake.

Tulishuka bei mpaka dola 16, pamoja na karatasi ya garanti ya miezi sita yenye muhuri. Dola 9 zilizobaki zilirudi kwenye likelemba siku ileile.

Jioni ya siku ya Mungu tulipita kwake kumsalimia. Mwenzetu alikuwa amemwomba bwana yake jambo moja: amwambie mama yake mwenyewe, kwa sauti yake. Sasa vokali ni mbili kila magaribi, moja ya mke na moja ya mama. Ya kwanza aliisikiliza kimya, mashine inakwenda. Kisha akasimama, akapangusa ekuteri kwa kitambaa, akaiweka sikioni mwa mama mkwe. Mama alishtuka, akatazama huku na huku kumtafuta mtoto wake. Akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Rudisha nyuma kidogo." Akasikiliza tena.

Feza ya kumtibu mdogo bado haijafika. Lakini mama ameisikia sababu kutoka kinywa cha mtoto wake, na tulipoondoka alikuwa anamwita mkwe wake waje kula bukari.

Wamama, neno la mwisho. Sauti isipite asilimia 60, na masikio yapumzike, kwa sababu sikio likiharibika kwa makelele halirudi kama zamani. Pangusa kila mara kabla ya kumpa mwingine. Na mwenye ulizo asione haya kulileta kwenye mkutano, hata kama tutacheka kwanza.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.