Harusi ya Sydney na Harusi ya Mdogo Wetu

 

Wengi mmetuuliza kwa nini harusi ya mdogo wetu mwaka jana ilifanywa katika nchi mbili, na kwa nini sisi dada zake wawili hatumo hata kwenye picha moja ya Uingereza. Tulikawia kujibu kwa sababu jibu lina mambo ya ndani. Leo tunalieleza kwa idhini yake mwenyewe, na mtuwie radhi kwamba kisa kinapitia kwenye televisheni.

Mdogo wetu aliposwa na kijana wa asili ya hapa hapa Unguja, aliyekulia Manchester. Watu wa posa walipokuja, wifi mtarajiwa alimwachia flashi yenye tamthilia ya zamani ya Kiingereza iitwayo Cold Feet. "Itazame, uijue Manchester kabla hujafika," alimwambia. Basi tukawa tunaitazama watatu, baada ya isha, kazi za jikoni zikishakwisha.

Kwa wasioijua: ni tamthilia ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja, iliyobuniwa na Mike Bullen. Kipindi cha majaribio kilitoka mwaka 1997, kisha ikaonyeshwa na ITV kuanzia 1998 hadi 2003, na mwaka 2016 ikafufuliwa. Inafuata maisha ya Adam na Rachel, Pete na Jenny, Karen na David, wanandoa na marafiki wa Manchester. Jina lake ni msemo wa Kiingereza wa mtu anayeingiwa na woga siku ya ahadi inapokaribia, hasa ahadi ya ndoa. Mabibi harusi mnaujua woga huo. Kila lugha ina namna yake ya kuutaja.

Hatuipendekezi. Ina pombe, ina mahusiano ambayo dini yetu haiyakubali, na sisi tuliitazama kidole kikiwa juu ya rimoti. Lakini ndani yake kuna sehemu moja iliyotuamulia jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umeshindwa kuliamua.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: harusi ifanyike wapi?

Upande wa bwana harusi walipendekeza hoteli ya Dubai. Kwa juu juu lilikuwa wazo zuri. Dubai ni kama nusu njia, wao watoke Uingereza na sisi tutoke Unguja, tukutane. Picha zingependeza. Wifi alishatutumia video ya ukumbi wenye maua meupe yaliyoning'inia kutoka darini mpaka karibu na sakafu, na tusiseme uongo, mdogo wetu aliitazama video ile mara nyingi.

Ila kulikuwa na watu wawili ambao nusu njia hiyo haikuwafaa. Wa kwanza ni bibi yetu. Miguu yake huvimba akikaa saa moja tu garini, na katika umri wake wote hajapanda ndege. Ndiye aliyewasinga mabibi harusi wote wa ukoo wetu, kuanzia mama yetu mpaka sisi. Wa pili ni mama wa bwana harusi. Yeye husafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na daktari wake alikuwa amemkataza kusafiri kwa ndege.

Kila upande ulikuwa unamjua mgonjwa wake, na kila upande uliona haya kumtaja, wasije wenzao wakaona wanakwamisha harusi. Tulipomweleza bibi habari za Dubai, alikuwa anapeta mchele. Hakuinua uso. "Nendeni tu wanangu," alisema. "Mimi nitawaona kwenye simu." Akaendelea kupeta mchele ambao ulikuwa umeshakwisha kupetwa.

Siku chache baadaye tukafika mwisho wa msimu wa nne, ulioonyeshwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 2001. Pete, aliyekwishaachana na Jenny, anamuoa Jo, msichana wa Australia anayeigizwa na Kimberley Joseph. Na harusi haifanyiki Manchester. Wote wanasafiri mpaka Sydney, na sehemu hiyo ilipigwa huko huko Sydney.

Hebu fikirini kwa macho ya mtazamaji wa Kiingereza. Ni Disemba, kwao ni baridi na giza linaingia alasiri, na kumbe Australia Disemba ni kiangazi. Kutoka Manchester mpaka Sydney ni zaidi ya saa 20 za ndege. Ghafla watu aliozoea kuwaona kwenye mvua na majumba ya matofali anawaona kwenye jua kali, kando ya maji ya buluu. Tamthilia za Kiingereza hupenda safari za namna hii, hasa msimu unapofungwa. Nchi mpya humpa mtazamaji kitu cha kukumbuka.

Lakini mwandishi mzuri hawezi kuwapakia watu ndege bila sababu, na sababu ya Cold Feet ilikuwa nyepesi na ya kweli: bibi harusi ni mtu wa Australia.

Sisi wawili tulikuwa tunasifia mandhari. Mmoja wetu alisema, "Mnaona? Hata Wazungu hawa wamefunga harusi nchi ya nje, na imependeza." Alitaka kumpa moyo mdogo wetu kuhusu Dubai. Mdogo wetu akabonyeza rimoti, picha ikasimama.

"Lakini huyu hayuko nje," alisema. "Huyu yuko kwao."

Tukanyamaza. Akaongeza, taratibu: "Mimi Dubai nitakuwa kwa nani?"

Wapenzi, tulikuwa tumeitazama sehemu nzima kwa macho ya wageni waliopanda ndege. Tuliiona Sydney kama nchi ya mbali kwa sababu kamera ilitoka Manchester. Kwa Jo hakukuwa na umbali wowote. Nchi ya nje ni nje kwa anayekuja. Kwa aliyezaliwa hapo ni nyumbani kwao. Na sisi watu wa kisiwani tungepaswa kulijua hilo kuliko wote, kwa kuwa kila msimu tunawaona wageni wakija kuoana kwenye fukwe za Nungwi na Paje, nasi tukiwa ndio mandhari ya picha zao.

Mmoja wetu huchora hina kwa ajira na huitwa kwenye harusi hizo. Amewahi kumchora bibi harusi wa Kizungu mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto umeshika simu, anamwonyesha mamake maua yale yakitokea moja moja. Mama mtu alikuwa kwao, hakuweza kuja. Ufuo ulikuwa mzuri ajabu siku ile, na bibi harusi alilia mpaka ikabidi kazi isimame, machozi yasije yakamwagikia hina mbichi.

Tulijua hayo yote, na bado tulikuwa tunampeleka mdogo wetu huko huko.

Usiku ule hatukuendelea kutazama. Asubuhi mdogo wetu mwenyewe alizungumza na mama, mama akazungumza na baba, na baba akampigia simu ami yake bwana harusi. Simu ilikuwa ndefu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza baba alisema wazi habari za bibi, na ami mtu naye, baada ya kimya kidogo, akasema wazi habari za shemeji yake mgonjwa. Kumbe wote walikuwa wamekubali Dubai kwa adabu tu, kila mmoja akidhani mwenzake anaitaka.

Baada ya hapo ilibaki tufuate njia ambayo dini yetu imeshatuwekea tangu zamani, nasi tulikuwa tumeifunika kwa maua ya ukumbini.

Katika tamthilia, siku moja imebeba kila kitu: ahadi, karamu, jamaa wa mume na jamaa wa mke. Ndiyo maana ilibidi marafiki wote wapande ndege. Kwetu sisi mambo hayo yamegawika. Nikahi ni akdi, na katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, nguzo zake ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na kauli ya kuozesha na kukubali. Hakuna nguzo inayoitwa ukumbi. Walima nao ni karamu ya upande wa mume, sunna ya kutangaza ndoa na kulisha watu, na Mtume wetu (SAW) alimhimiza Abdulrahman bin Auf aifanye japo kwa kondoo mmoja. Hakuna anayelazimika kuyaweka mambo haya mawili chini ya dari moja.

Basi nikahi ikafanywa hapa, msikiti wa mtaani kwetu, baada ya swala ya alasiri. Kabla ya kwenda msikitini baba alimfuata mdogo wetu chumbani kumuuliza ridhaa yake, na mahari akayataja mwenyewe kwa sauti inayosikika. Bibi alimsinga siku tatu, amekaa kwenye kiti, miguu imeinuliwa juu ya mto. Siku ya kupamba hatukukodi ukumbi; tulifunga turubai uani, udi ukafuka tangu asubuhi, na majirani wakaja na kanga zao za sare. Maua meupe hayakuwepo. Yalikuwepo asumini, kikuba kifuani na mengine kitandani.

Walima ukafanywa Manchester mwezi uliofuata, katika jumba la jumuiya karibu na nyumbani kwa wakwe, siku ambayo mama mkwe hakuwa na zamu ya hospitali. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akakaa karibu na mkwewe tangu mwanzo mpaka mwisho, na biriani alilisimamia kwa maneno japo kwa mikono hakuweza.

Sasa tunafika kwenye lile mlilotuuliza. Tuliomba viza, sisi wawili na mama. Zote tatu zilikataliwa. Kwa hiyo mdogo wetu alikaa kwenye walima wake bila mtu hata mmoja wa damu yake, na sisi tulitazama kwa simu, na bibi katikati yetu. Picha ilikuwa inakatika katika. Safari hii tuliokuwa nyumbani tukitazama watu wetu walio nchi ya mbali tulikuwa sisi. Bibi aliuliza, "Mbona hacheki?" Tukamwambia mtandao mbovu. Haukuwa mtandao.

Hatutaki mdhani kwamba tumepata harusi isiyo na upungufu. Upungufu ulikuwepo, na siku ile uliuma. Lakini mama yake alimsikia akijibu ndiyo kwa baba. Bibi alimsinga. Mama mkwe alimlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Kila mzee alipata sehemu yake. Mama mkwe alifariki miezi minane baadaye, Allah amrehemu, na bwana harusi alimwambia mke wake kwamba siku ile ya walima ndiyo picha ya mwisho ya mamake akiwa anacheka.

Tulirudi kuimalizia Cold Feet baadaye, mdogo wetu akiwa kule na sisi huku, tukiandikiana ujumbe. Katika msimu wa 2003 ndoa ya Pete na Jo, ile ya jua na maji ya buluu, ilivunjika. Rachel anafariki kwa ajali ya gari, na marafiki walewale wanakutana tena, mara hii kwa msiba. Mdogo wetu aliandika: "Afadhali sasa najua nani atakuja." Alikuwa ameshaanza kupata majirani.

Kwa hiyo, bibi harusi unayesoma hapa ukiwa na video ya ukumbi wa mbali kwenye simu yako: hatukukatazi. Mwandishi wa tamthilia alikuwa na sababu ya kuwapeleka watu wake Sydney, na wewe pia unaweza kuwa nayo. Lakini kabla hujalipa kianzio, keti na mwenzako muandike majina ya watu ambao bila wao hamtaki kuolewa wala kuoa, kisha muwaulize mmoja mmoja kama wanaweza kufika. Waulize uso kwa uso, na usiridhike na anayesema "nendeni tu." Tazama mikono yake anafanya nini wakati anasema hivyo.

Allah awabariki maharusi wetu wote, awakusanye katika kheri, na awape wazee wetu umri wa kuziona siku hizo. Amin.