Chumba cha Mjomba huko Ujiji

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili ni zuri kwa kijana mwenye mikono. Lakini mgeni akiwa mzee wa miaka 70, macho yamefifia, na fedha yake ni pensheni ndogo tu, siku ya tatu atapewa nini? Atapewa hesabu ya kodi ya nyumba. Habari za hesabu hiyo nataka kuwaandikia leo, ndugu wasomaji, maana mimi niliifanya vibaya, na aliyelipa si mimi.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu Fizi. Vita vya mwaka 1996 vilipotuangukia, alivuka ziwa pamoja na mkewe na watoto, nasi wa ukoo tukamfuata. Tulikaa katika kambi ya Lugufu, upande wa Kigoma. Huko, chini ya turubai, ndiko Mjomba aliponifundisha kusoma na kuhesabu. Huko pia ndiko alipomzika mkewe. Tangu mwaka 2005 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, nasi tukarudi. Mimi nikaingia seminari, nikatoka, nikawa katekista. Mjomba akashika tena chaki mpaka alipostaafu. Lakini binti yake mmoja alikuwa ameolewa na mtu wa Kigoma, akabaki kule.

Mwaka 2023 Mjomba aliniita jioni, akaniambia: “Mpwa wangu, nataka kwenda kuzeeka ng'ambo.” Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na hospitali ya Maweni ya Kigoma aliijua tangu zamani. Tena alichoka kulala huku sikio likingojea mlio wa bunduki. Nikamwuliza: “Basi, Mjomba, si utakaa kwa binti yako?” Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau somo. “Mimi nilale chini ya paa la mkwe wangu? Nioge uani mwake, anione? Hapana. Nitapanga chumba changu karibu nao.”

Hapo ndipo shida ilipoanza. Pensheni yake ilikuwa faranga 160,000 kwa mwezi, tena miezi mingine haikuja. Alikuwa na nyumba moja ya matofali hapa Baraka. Shauri lake la kwanza lilikuwa kuiuza, apate fedha ya kulipa kodi ya miaka mitatu kule. Nilimkataza, na katika jambo hili peke yake nilikuwa na haki. Nilimwambia: “Sheria ya ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi ardhi mtu asiye raia, ila kwa uwekezaji. Kwa hiyo kule utakuwa mpangaji mpaka kufa. Ukiuza na hii, siku ukirudi utakuwa mpangaji hata kwenu.” Akakubali. Tukaipangisha kwa seremala mmoja mwenye watoto watano, kwa faranga 60,000 kwa mwezi, nami nikapewa kazi ya kukusanya.

Kisha tukashughulikia karatasi. Watu wengi hukosea hapa. Wengine hudhani kwamba kwa sababu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, mtu avuka tu na kukaa apendapo. Sivyo. Wengine hudhani watajiandikisha kuwa wakimbizi, kisha wapange mjini. Hilo nalo silo. Mkimbizi kule hutakiwa kukaa kambini, na kutoka kwake ni kwa ruhusa. Mzee anayetaka kukaa mjini kwa amani awe na pasi ya kusafiria, aende ofisi ya uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi. Wastaafu wamo katika kile kiitwacho Daraja C. Kibali hicho kina ada yake na kina mwisho wake, basi mtu aiweke ada hiyo katika hesabu ya nyumba, kwa maana nyumba isiyo na kibali haina usingizi.

Tulivuka mwezi wa Juni, kwa mashua ya mbao, tukizunguka rasi ya Ubwari, tukashuka Kibirizi, pwani wanaposhukia watu wa mashua ndogo. Binti yake alitupokea. Kesho yake tukaanza kutafuta chumba pamoja na dalali, yule ambaye kwetu tunamwita komisioneri. Mwenendo wa kule ni huu: dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mbele, hata ya mwaka mzima. Mtu wa mshahara huweza kukopa. Mstaafu atakopa kwa nani?

Baada ya siku tatu vilibaki vyumba viwili.

Cha kwanza kilikuwa juu mlimani, kipya, bati linang'aa. Kodi shilingi 15,000 kwa mwezi, lakini miezi sita mbele. Cha pili kilikuwa Ujiji, katika nyumba ya zamani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mwenyewe alikuwa bibi mjane, Mwislamu, aliyekaa chumba cha mbele. Kodi shilingi 25,000. Lakini bibi huyu hakutaka miezi sita. Alisema: “Mwalimu alipe mwezi kwa mwezi, kama anavyopata.” Bomba lilikuwa uani. Tena Ujiji ni mji ambao watu wengi babu zao walitoka kwetu, ng'ambo ya magharibi. Bibi alipomsikia Mjomba akisema maneno mawili ya Kibembe, alicheka, akamjibu kwa matatu aliyoyasikia kwa nyanya yake.

Mjomba alitaka Ujiji. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimesoma falsafa miaka miwili, nikajiona mjuzi. Nikatoa kalamu, nikamwonyesha: elfu 15 na elfu 25, tofauti elfu 10. Kwa mwaka ni 120,000. “Mjomba,” nikasema, “fedha hii ni dawa zako.” Nilisema sana. Mzee aliyenifundisha kutoa na kujumlisha akanyamaza, akasema: “Haya, wewe ndiwe mwenye macho.” Tukalipa shilingi 90,000 kwa chumba cha mlimani, na 15,000 za dalali. Nikarudi Baraka nikijisifu.

Sasa sikilizeni hesabu ilivyokuwa kweli. Mlimani hapakuwa na bomba. Maji yaliletwa na vijana, ndoo shilingi 300. Ndoo mbili kwa siku ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Kanisa na hospitali vilikuwa bondeni. Hakuweza kupanda kwa miguu, akachukua pikipiki, shilingi 3,000 kwenda na kurudi. Safari nne kwa mwezi ni shilingi 12,000. Jumlisha na kodi: shilingi 45,000. Kule Ujiji ingekuwa 25,000 za kodi na labda 5,000 za maji, na barabara tambarare ya kupitia daladala. Kumbe chumba cha bei nafuu kilikuwa ghali kwa shilingi 15,000 kila mwezi. Nami sikuuliza habari za maji hata neno moja.

Lakini hasara ya fedha si kitu. Mwezi wa Oktoba mvua zilianza. Mjomba, ili aokoe zile 300, alishuka na ndoo mwenyewe. Wakati wa kupanda aliteleza. Wapangaji wa nyumba ile walikuwa vijana wa kazi, hutoka alfajiri na kurudi usiku. Alilala pale njiani, nguo zimelowa, mpaka mtoto aliyekuwa anachunga mbuzi alipomwona. Mkono ulivunjika. Nilipopata habari kwa simu nilikaa kitako. Nilikumbuka ile kalamu.

Nikavuka tena. Mwenye nyumba ya mlimani hakutaka kurudisha kodi ya miezi iliyobaki, na karatasi tuliyotia sahihi haikusema lolote juu ya kurudisha. Tukaondoka tu. Chumba cha Ujiji kilikuwa bado kitupu. Mjomba hakunilaumu, wala sikuomba radhi kwa maneno mengi. Nilimtandikia kitanda, nikajaza mtungi, nikakaa naye siku kumi. Katika siku zile niliona jambo ambalo halikuwamo katika hesabu yangu. Kila asubuhi, baada ya sala yake, bibi yule hupita ukumbini na kugonga mlango wa Mjomba kwa kiganja: “Mwalimu, umeamkaje?” Akijibiwa, aenda zake. Asipojibiwa, hafanyi kazi nyingine mpaka ajue. Jumapili humwambia: “Kengele yenu imelia, Mwalimu, unachelewa.” Nyumba ya namna hii mzee hana budi kuitafuta.

Sasa nimalize kwa neno la mwaka 2025, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi wa Februari mwaka ule vita vilifika Bukavu, na mabenki ya mji yakafungwa. Pensheni ya Mjomba ilipita huko. Machi haikuja. Aprili haikuja. Mei haikuja. Mimi hapa Baraka nikaona shauri ni moja: kumbana seremala. Lakini yeye naye alikuwa ameishiwa. Wafanyabiashara walioagiza milango na vitanda hawakuonekana tena, na alikuwa na deni la miezi miwili. Nilimwendea jioni, nikampa majuma mawili: alipe au atoke. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema kitu. Kisha nikampigia Mjomba, nikamwambia kama mtumishi mwaminifu: “Usihofu, Mjomba, nimemkaza. Asipolipa namtoa, nyumba yako itapata mtu mwingine.”

Mjomba alikaa kimya kidogo. Akaniuliza: “Mpwa wangu, unajua mimi hapa nadaiwa miezi mingapi?” Nikasema sijui. “Miezi mitatu. Na kila asubuhi Bibi hunigongea mlango. Siku ya kwanza nilidhani anadai. Anauliza tu kama nimeamka. Sasa wewe unataka mimi niliyengojewa huku, nimtoe mtu huko?” Akaniuliza tena: “Na garanti ulimtoza ngapi?” Nikajibu kwa sauti ndogo: miezi sita. Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Niliijua. Wengi hutoza zaidi, nami nikafuata wengi. Na kila Jumamosi nafundisha watoto amri ya saba, Usiibe.

Usiku ule sikulala vema. Asubuhi nilirudi kwa seremala, nikamwambia: “Ndugu, miezi mitatu ya garanti niliyozidisha, ni faranga 180,000, ihesabu kuwa kodi. Miwili umekwisha kulipa, na mmoja huu tulio nao.” Alinitazama muda mrefu, kisha akamwita mkewe aje asikie mwenyewe. Mwezi wa Julai pensheni ilipitishwa Uvira, ikafika. Mjomba akamlipa Bibi kodi yote, naye Bibi akaipokea bila kuihesabu, akaifunga katika pindo la kanga.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna wazazi wanaotaka kuvuka, wengine Kigoma, wengine Bujumbura, wengine mbali zaidi, kwa sababu ya watoto, au dawa, au usingizi. Nawaomba mjifunze kwa kosa langu. Kwanza, mzee asiuze cha kwao. Pili, aende kwanza atazame mwenyewe, na msimnyamazishe: yeye ndiye atakayelala mle. Tatu, ulizeni maji, mlima, njia ya hospitali, kabla ya kuuliza kodi. Nne, andikianeni karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nayo iseme fedha itarudi vipi mtu akihama. Tena ikiwa ni Tanzania, mjue kwamba tangu mwaka 2025 serikali imekataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Basi atakayewaambia mlipe dola kwa sababu ni Wakongomani, msimkubali. Tano, hesabuni kwanza miezi ambayo fedha haitakuja, kisha ile ambayo itakuja, na mwulize mwenye nyumba waziwazi: nikikosa, utaningoja?

Nanyi mlio na nyumba hapa Baraka na Fizi, mkakusanya kodi kila mwezi kama mimi, fikirini kwamba pengine wakati huohuo mzee wa ukoo wenu yuko ng'ambo, amekaa kitandani katika chumba cha mtu, anasikia hatua za mwenye nyumba zikija ukumbini, naye hajui bado kama anakuja kudai au kusalimu.